Charles Fey: Fundi wa Bavaria aliyebuni mashine ya kamari

MADAKTARI wa San Francisco walipompima Charles Fey katika miaka ya 1880, walimkadiria mwaka mmoja tu wa kuishi. Kifua kikuu kilikuwa kimemkaba, na katika zama hizo maradhi hayo yalikuwa sawa na hukumu ya kifo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, mgeni katika mji wa ugenini, asiye na mali ila ustadi wa mikono yake. Mwaka huo ulipita. Ukapita wa pili na wa tatu. Alipofariki hatimaye mwaka 1944, alikuwa na umri wa miaka 82, na mtambo alioubuni ulikuwa umekwisha kumeza sarafu za mamilioni ya watu.

Mtambo wenyewe ni mashine ya kamari ya magurudumu matatu. Wamarekani waliubandika jina la jambazi mwenye mkono mmoja, kwa sababu ulikuwa na wenzo mmoja ubavuni na ulikuwa hodari wa kuwaacha watu mikono mitupu. Waingereza wauita mashine ya matunda, kutokana na picha za cheri na malimau zilizochorwa kwenye magurudumu yake baadaye. Fey hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza mashine inayochezewa kamari kwa sarafu. Aliyemtangulia yupo, na wapo waliofanya kazi sako kwa bako naye. Hata hivyo, umbo ambalo mashine hizi zilishika kwa zaidi ya nusu karne, na ambalo hata kompyuta za leo zinaliigiza kwenye skrini, lilitoka katika karakana yake.

Alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha Vöhringen, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 16, na jina alilopewa ni August. Katika nyumba yenye vinywa vingi kiasi hicho, mtoto wa mwisho hana budi kujitafutia riziki mapema. Alipofika umri wa miaka 14 alikuwa Munich, akijifunza kazi ya chuma katika kiwanda cha zana za kilimo. Hakukaa sana. Akavuka mpaka kuingia Ufaransa, akafanya kazi kwa watengenezaji wa vyombo vya mawasiliano, kisha akahamia London, ambako kwa takriban miaka mitano alitengeneza ala za mabaharia. Kazi hiyo haitaki pupa. Dira ikipotoka kwa unywele, merikebu huenda mwamba.

Kutoka Uingereza alivuka bahari ya Atlantiki na kufikia kwa mjomba wake New Jersey, kisha mwaka 1885 akaelekea magharibi hadi San Francisco. Mji huo ulikuwa bado unanuka dhahabu. Watu walikuwa wamemiminika California tangu mwaka 1849 kutafuta utajiri mchangani, na ijapokuwa dhahabu ya juu juu ilikuwa imekwisha, tabia ya kujaribu bahati ilibakia. Baa zilikuwa nyingi, mabaharia walikuwa wengi, na juu ya kila kaunta palikuwa na mchezo fulani wa kumvuta mteja aongeze senti yake.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomshika. Alijaribu kwenda Mexico kutafuta hewa yenye joto, akarejea hali yake ikiwa mbaya, akatibiwa kwa dawa ya kriosoti iliyotumiwa na waganga wa wakati huo. Alipona. Baadaye alimwoa Marie Volkmar, mzaliwa wa California, akaliacha jina la August na kujiita Charles. Inaelezwa kuwa hakupenda namna Wamarekani walivyolifupisha jina lake la kwanza.

Akiwa mwajiriwa katika kampuni ya vifaa vya umeme mjini humo, Fey alijuana na Wajerumani wenzake wawili, Theodor Holtz na Gustav Schultze. Schultze ndiye aliyeufungua mlango. Mwaka 1893 alitoa mashine yenye gurudumu moja iliyoweza kumlipa mshindi sarafu yenyewe, bila mwenye baa kunyanyua kidole. Fey aliitazama kazi hiyo kwa jicho la fundi wa ala za mabaharia, akaona nafasi. Mwaka 1894 alitengeneza mashine yake ya kwanza nyumbani, na mwaka 1895 akatoa nyingine aliyoiita 4-11-44, jina lililotokana na nambari zilizopendwa na wacheza bahati nasibu wa Marekani. Ilipendwa na wateja wa baa kiasi cha kumfanya Fey aache kuajiriwa na kufungua karakana yake mwenyewe.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, ni muhimu kuitazama kwanza mashine iliyokuwa ikitamba wakati huo. Mwaka 1891 kampuni ya Sittman na Pitt ya Brooklyn, New York, ilikuwa imetengeneza mashine ya karata yenye mapipa matano yaliyobeba picha za karata 50. Mchezaji alitia senti tano, akavuta wenzo, mapipa yakazunguka na kumpa karata tano za mchezo wa poka. Akipata mpangilio mzuri, mwenye baa alimpa bia au sigara. Mashine hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: mipangilio ya ushindi ilikuwa mingi mno, hivyo hakuna fundi aliyeweza kutengeneza chombo cha kuipambanua yote na kulipa chenyewe.

Msomaji anayejua karata atakuwa amekwisha kugutuka. Seti ya karata ina karata 52, si 50. Mbili zilizokosekana, kwa kawaida kumi ya shupaza na mzungu wa tatu wa kopa, ziliondolewa makusudi. Bila karata hizo, uwezekano wa kupata mpangilio mkubwa kabisa wa poka ulipungua kwa nusu. Mteja aliyekuwa akivuta wenzo, huku moyo ukimdunda, alikuwa akisubiri karata ambazo hazikuwemo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa biashara hii, na yafaa jambo hilo likumbukwe kila inaposemwa kwamba mashine za zamani zilikuwa na uaminifu kuliko za leo.

Suluhisho la Fey lilikuwa kupunguza. Badala ya mapipa matano alitumia magurudumu matatu. Badala ya karata hamsini, alichora alama chache zinazotambulika kwa mtazamo mmoja: nali ya farasi, kopa, uru, shupaza na kengele iliyopasuka, mfano wa Kengele ya Uhuru iliyoko Philadelphia. Mashine akaipa jina la kengele hiyo, Liberty Bell. Wanahistoria hutofautiana kuhusu mwaka iliyokamilika, baadhi wakitaja 1895 na wengine 1899, lakini kabla karne ya 19 haijafunga ilikuwa ikilia kwenye kaunta za San Francisco. Kengele tatu zikijipanga mstari mmoja, mashine yenyewe ilitema sarafu kumi za senti tano, yaani nusu dola. Huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa kuliko wote.

Ndani yake hamkuwa na uchawi wowote. Sarafu ikishuka ilifungua komeo lililokuwa likizuia wenzo. Mchezaji alipouvuta, alikuwa akiikaza springi, na springi ilipofyatuka iliyasukuma magurudumu yote matatu kwa pamoja. Chombo kidogo cha kupima muda, mfano wa kile kilicho katika saa, kiliruhusu vidole vya chuma vianguke kimoja kimoja na kuyasimamisha magurudumu, la kwanza kushoto, la pili, kisha la tatu. Kila gurudumu liliambatana na kisahani kilichochongwa mapengo kulingana na alama zake. Vidole vingine vya chuma viliyapapasa mapengo hayo, na vilipoyakuta katika mpangilio wa ushindi, mlango wa bomba la sarafu ulifunguka kwa kipimo kilichowekwa.

Kusimama huko kwa zamu kulikuwa na athari ambayo hata fundi mwenyewe huenda hakuitarajia ukubwa wake. Kengele ya kwanza ikitua, mchezaji hupata tumaini. Ya pili ikitua, hushikwa na kihoro. Gurudumu la tatu likipitiliza kidogo na kuiacha kengele juu ya mstari, huondoka na imani kwamba alikaribia. Ukweli ni kwamba hakukaribia chochote. Kukosa kwa tundu moja na kukosa kwa matundu saba ni kukosa kule kule, na mashine haina daftari la kuandika nani alikosa kwa kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila gurudumu lilikuwa na vituo kumi. Magurudumu matatu yenye vituo kumi kila moja hutoa mipangilio 1,000, wala hauongezeki hata mmoja. Fundi anayeamua ni alama gani zichorwe mara ngapi kwenye kila gurudumu, na ni sarafu ngapi zilipwe kwa kila mpangilio, huwa ameamua faida yake kabla mtu wa kwanza hajaingia mlangoni. Tuseme mashine imechezwa mara elfu moja na kila mpangilio ukatokea mara moja. Imepokea sarafu 1,000. Ikiwa malipo ya mipangilio yote ya ushindi ukiyajumlisha ni sarafu 750, basi mashine imerejesha asilimia 75 na kubakisha robo. Katika siku moja mambo yanaweza kwenda kombo, mtu akashinda mara tatu mfululizo na kumwacha mwenye mashine akikuna kichwa. Katika mwezi mmoja hesabu hurudi mahali pake.

Fey alilielewa jambo hilo kuliko yeyote, na ushahidi ni namna alivyoiendesha biashara yake. Hakukubali kuziuza mashine zake wala haki ya kuzitengeneza. Alizikodisha kwa wenye baa, na mapato yakagawanywa nusu kwa nusu. Alizunguka baa hadi baa akifungua masanduku kwa ufunguo wake, akihesabu sarafu na kurekebisha springi zilizolegea. Muuzaji hupata faida siku moja; yeye alitaka ile inayoingia kila juma, kwa sababu alijua kwa yakini kwamba itaingia. Alichohofia ni sarafu za bandia tu. Baadhi ya wateja walitumia vipande vya madini badala ya senti tano halisi, naye akabuni pini iliyokagua kila kipande kinachopita na kukitenga kile chenye tundu katikati.

Wivu haukukawia. Makampuni makubwa ya mashariki yalitaka kuinunua Liberty Bell, naye akazidi kukataa. Sheria haikuwa upande wake. Mwaka 1897 mahakama ya shirikisho huko California ilikuwa imeamua, katika kesi ya mashine nyingine ya karata, kwamba chombo cha kamari hakina manufaa kwa jamii na kwa hivyo hakistahili kulindwa na hataza. Fey akabaki na kinga moja tu, nayo ni kutomruhusu mtu mwingine aione ndani ya mashine yake.

Kinga hiyo ilivunjwa mwaka 1905. Liberty Bell moja iliibwa katika baa iliyokuwa barabara ya Powell, San Francisco. Inasimuliwa kuwa mwizi hakugusa kitu kingine chochote katika baa hiyo ila aproni ya mhudumu, ambayo yamkini aliitumia kuifunikia mashine alipokuwa akitokomea nayo. Muda si mrefu mashine ikawa mikononi mwa kampuni ya Mills Novelty ya Chicago. Mafundi wa huko waliifumua, wakaichunguza kipande kwa kipande, na ndani ya miaka miwili hivi Mills ilikuwa ikiuza Liberty Bell yake yenyewe kote Marekani.

Kabla Fey hajapata hata nafasi ya kulalamika, likamfika kubwa zaidi. Alfajiri ya Aprili 18, 1906, tetemeko la ardhi liliitikisa San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya mji kwa siku kadhaa. Maelfu ya watu walifariki. Karakana ya Fey iliyokuwa Market Street iliangamia pamoja na mashine nyingi zilizokuwa humo na katika baa za jirani. Liberty Bell zilizonusurika ni za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Alianza upya akiwa na miaka 43. Safari hii adui alikuwa serikali. San Francisco ilipiga marufuku mashine za kamari mwaka 1909, jimbo la Nevada likafanya hivyo karibu wakati huo huo, na California nzima ikafuata mwaka 1911. Wenye mashine walitafuta vichochoro. Baadhi waligeuza mashine zao kuwa za kuuza ubani wa kutafuna, na ladha za ubani huo zikachorwa kwenye magurudumu kama matunda. Nembo ya kampuni ya ubani nayo ikawekwa, na hadi leo alama ya BAR inayoonekana katika mashine za kamari inatokana nayo. Kwa hiyo mchezaji wa leo anayeomba cheri tatu au BAR tatu, pengine bila kujua, anaomba mabaki ya hila iliyobuniwa kumpiga chenga askari.

Fey aliendelea kutengeneza. Alitoa mashine za dadu, za karata na za sarafu kubwa za fedha, nyingine kwa maeneo yaliyoziruhusu na nyingine kwa yale yaliyofumba macho. Mwaka 1931 Nevada iliihalalisha kamari upya ili kujinasua katika mdororo wa uchumi, na hatua hiyo ndiyo iliyozaa Las Vegas ijulikanayo sasa. Fey alikuwa na umri wa karibu miaka 69. Hakuwa bilionea, wala hakuwa maskini. Jina lake halikuwa limeandikwa juu ya mashine zilizokuwa zikimiminika humo. Lililoandikwa lilikuwa la Mills na wenzake wa Chicago.

Aliyoyakosa kwa kufariki mwaka 1944 ni mengi, lakini yote yamejengwa juu ya msingi wake. Mwaka 1963 kampuni ya Bally ilitoa mashine iliyoitwa Money Honey, iliyotumia umeme na kuweza kulipa hadi sarafu 500 bila msaada wa mhudumu. Mwaka 1976 mashine ya kwanza yenye skrini ya video ilichezwa Las Vegas. Kisha mwaka 1984 Inge Telnaes, mhandisi mzaliwa wa Norway, akapata hataza ya wazo lililobadilisha mambo kuliko yote hayo: gurudumu linaloonekana lisiwe tena ndilo linaloamua.

Katika mashine ya Fey, mchezaji mwenye subira angeweza kuhesabu alama za kila gurudumu na kukadiria bahati yake. Katika mashine za baada ya Telnaes, kompyuta huchagua nambari kutoka orodha ndefu iliyofichika, na magurudumu huamriwa kusimama pale nambari hiyo inapoelekeza. Alama ya ushindi mkubwa inaweza kupewa nambari moja tu katika orodha hiyo, ilhali nafasi tupu iliyo juu yake na ile iliyo chini yake zikapewa nambari nyingi. Matokeo ni kwamba ushindi unaonekana mara kwa mara ukipita karibu na mstari, kuliko ambavyo ungeonekana kama gurudumu lingekuwa likiamua lenyewe. Wanaosema mashine iliwakosesha kwa unywele wanaeleza kile hasa walichopangiwa kukiona.

Nambari hizo huzalishwa mfululizo, mamia au maelfu kwa sekunde, hata kama hakuna anayecheza. Mchezaji anapobonyeza kitufe, nambari ya nukta hiyo ndiyo inayotwaliwa, na mambo huwa yamekwisha. Mizunguko, taa na muziki huja baadaye kama maonyesho. Ndiyo maana imani nyingi za wachezaji hazina mashiko. Mashine iliyokaa kutwa bila kulipa haijakomaa kama embe linalongojea kuanguka. Iliyotoka kulipa sasa hivi haijaishiwa. Aliyeketi baada yako akashinda hakukuibia ushindi wako, kwani yeye alibonyeza katika nukta nyingine. Kubonyeza kwa nguvu, kwa upole, kwa mkono wa kulia au baada ya dua hakuibadilishi nambari.

Sheria za Nevada zinataka mashine irejeshe angalau asilimia 75 ya kinachochezwa, na nyingi hurejesha zaidi ya hapo. Asilimia 90 husikika kama ukarimu mkubwa. Lakini mtu akiingia na shilingi 100, akazicheza zote na kupata 90, mara nyingi haondoki. Huzirudisha hizo 90, zikawa 81, kisha takriban 73. Akizizungusha hivyo mara kumi, kwa wastani zitakuwa zimebaki kama shilingi 35. Mashine haikudanganya hata mara moja. Ilichukua sehemu yake ndogo kila zamu, na zamu zilikuwa nyingi.

Kasi nayo ina bei yake. Mtu anayecheza shilingi 10 mara 400 kwa saa moja amepitisha mashineni shilingi 4,000, na kwa marejesho ya asilimia 90 hasara yake ya wastani ni shilingi 400 kwa saa. Akipunguza mwendo na kucheza mara 100 tu, saa hiyo hiyo itamgharimu 100. Wenzo wa Fey, kwa uzito wake wa chuma, ulimchosha mtu mkono na kumpa muda wa kufikiri kabla ya sarafu inayofuata. Kitufe cha leo hakichoshi mtu, na wenye mashine wanajua hivyo.

Kwa hiyo anayetaka kucheza kwa akili timamu hana hila ya kujifunza, ila mipaka ya kujiwekea akiwa bado nyumbani. Hutenga kiasi ambacho hata kikipotea chote watoto watakula na kodi ya nyumba italipwa, akakihesabu kama nauli ya matembezi au kiingilio cha sinema. Huacha kadi ya benki na simu ya pesa mbali na mkono wake. Huweka saa ya kuondoka na kuondoka ifikapo. Akishinda cha maana hukitia mfuko mwingine na asikiguse tena. Jambo linalowaangamiza wengi ni kukimbiza hasara, yaani kuongeza dau ili kurudisha kilichokwisha kwenda, kwa kuwa kila shilingi mpya hukatwa asilimia ile ile kama ya kwanza. Anayekopa ili acheze, anayeficha kwa mkewe au mumewe, au asiyelala kwa kuwaza atakavyorudi kesho, amekwisha kuvuka mipaka hiyo, naye anahitaji msaada wa jamaa na washauri kuliko anavyohitaji bahati.

Kenya imeyaona hayo kwa macho yake. Katika miaka ya 2010 mashine ndogo za kamari zilienea kutoka mijini hadi vituo vya biashara mashambani, nyingine zikawekwa dukani kando ya magunia ya sukari, ambako hata watoto wa shule walizifikia na pesa walizotumwa. Wazazi walipiga kelele, machifu na polisi wakafanya misako, na mashine nyingi zikakusanywa na kuchomwa moto hadharani. Kamari ilikuwa ikisimamiwa na sheria ya mwaka 1966 hadi ilipopitishwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, na hairuhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Waliochoma mashine zile huenda hawakulijua jina la Fey. Alichokuwa akikifanya San Francisco kwa kuzunguka na ufunguo wake, wenye mashine hizo walikuwa wakikifanya kwa pikipiki: kuja jioni, kufungua sanduku, kuhesabu sarafu na kumwachia mwenye duka fungu lake.

Wajukuu wa Fey walifuata nyayo zake kwa namna yao. Mwaka 1958 Marshall Fey na ndugu yake Frank walifungua mkahawa mjini Reno, Nevada, wakaujaza mashine za zamani zilizokusanywa na familia. Marshall pia aliandika kitabu cha historia ya mashine hizo ambacho watafiti wengi hukitegemea. Mkahawa ulifungwa mwaka 2006, na Liberty Bell iliyosalia ikapelekwa katika makumbusho ya jimbo yaliyoko Carson City. Huko San Francisco, mahali palipokuwa karakana iliyoteketea mwaka 1906, pamewekwa bamba la shaba la kumbukumbu, likiwa nambari 937 katika orodha ya maeneo ya kihistoria ya California, jimbo ambalo mwaka 1911 lilipiga marufuku kazi ya mikono yake.